Oili ya Gia Haipimwi Kama Oili ya Injini

Nimeomba nafasi katika kurasa hizi niwafunze jambo ambalo halimo katika silabasi ya kidato chochote, nalo ni namna ya kupima na kuitunza oili ya giaboksi ya gari. Najua kuna watakaoguna, "Msichana na giaboksi, wapi na wapi?" Subirini kidogo. Mimi ndiye niliyeiua giaboksi ya baba yangu, tena niliiua kwa kupima oili kila Jumamosi bila kukosa. Sasa semeni kama sina haki ya kulifunza somo hili.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu lugha, maana hili ni jarida la Kiswahili na Mhariri ana kalamu nyekundu. Nimeandika "oili" badala ya "mafuta" kwa makusudi. Dereva wa hapa Nakuru akisema ameishiwa na mafuta anamaanisha petroli, na ukimwambia mhudumu wa kituo cha petroli akuwekee mafuta kwenye gia atakutazama mara mbili. Kuhusu giaboksi, mwenzangu mmoja chamani alipendekeza tuseme "sanduku la gia". Nililipeleka neno hilo kwa fundi wetu kule jua kali, naye alicheka hadi spana ikamponyoka. Basi giaboksi na iwe giaboksi. Oili yenyewe madukani huitwa kwa herufi tatu, ATF, na vijana wa gereji huiita tu oili nyekundu. Hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa: oili ya gari la otomatiki, lile lisilo na pedali ya klachi.

Gari letu ni Toyota Corolla ya mwaka 2004, otomatiki ya gia 4, lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa. Baba huliendesha kama teksi. Ndilo linalotulisha na ndilo linalonilipia karo. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, nikitoka shule nina kazi za nyumbani kama kawaida, na kazi yangu ya Jumamosi tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza ilikuwa kuliosha gari na kupima vitu vitatu: maji ya rejeta, oili ya injini, na oili ya gia.

Oili ya injini baba alinionyesha mara moja tu nikashika. Injini izimwe, ungoje dakika chache oili ishuke chini, uchomoe kijiti, ukipanguse, ukirudishe, ukichomoe tena usome. Kijiti cha pili, kilicho upande wa betri, hakuna aliyenionyesha. Nilikitazama nikaona nacho ni kijiti tu, nikawa nakipima vilevile: asubuhi, injini ikiwa baridi na imezimwa. Kila mara kilitoka kimelowa vizuri. Kila mara nilimwambia baba, "Imejaa." Naye aliniamini, maana katika nyumba yetu mimi ndiye mtu wa vitabu.

Mwezi wa Julai mwaka jana gari lilianza vituko. Baba akitia gia ya D, lilikuwa likikaa kidogo kama mtoto aliyeitwa akajifanya hakusikia, ndipo liruke mbele kwa kishindo. Asubuhi ndiyo ilikuwa zaidi. Na mahali lilipokuwa likilala usiku, chini palionekana tone jekundu, dogo kama sarafu ya shilingi 10. Mimi nililiona. Nikalimwagia mchanga ili mwenye nyumba asije akatugombeza kwa kumchafulia ua.

Mwezi uliofuata baba alipata mteja wa kumpeleka Molo na magunia yake mawili. Walifika Salgaa salama. Kwenye kile kilima kirefu kilicho mbele yake, injini ikaanza kunguruma kwa nguvu lakini gari halivuti. Baba anakanyaga, injini inapiga kelele, gari linazidi kupunguza mwendo mpaka likasimama. Anasema hapakuwa na moshi, ila harufu tu, kama ya nguo iliyounguzwa kwa pasi. Mteja alihamisha magunia yake kwenye matatu. Baba naye akampigia simu rafiki yake mwenye pikapu, wakafunga kamba, wakalivuta gari mpaka Nakuru magurudumu yote manne yakiwa barabarani. Kuhusu hiyo kamba nitarudi, maana nayo ina hesabu yake.

Kesho yake nilipita gereji nikitoka shule. Fundi alikuwa chini ya gari anafungua sampu, yaani lile karai la chini ya giaboksi ambamo oili hukusanyika. Iliyotoka ilikuwa kidogo, tena nyeusi kama kahawa kavu, na ndani ya karai mlikuwa na unga mweusi. Ule unga ndio zilizokuwa klachi. Fundi akajitoa pale chini, akauliza, "Nani hupimanga oili ya hii gari?"

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sare yangu ya shule. Baba akasema, "Ni mimi."

Fundi akamwuliza mbele ya vijana wote wa gereji, mzee mzima na miaka hiyo yote barabarani, kweli hajui oili ya gia inavyopimwa? Baba akanyamaza. Hakunitazama, na mpaka leo hajawahi kulitaja.

Gari lililala wiki 7. Giaboksi ya mtumba kutoka Japani ilitugharimu shilingi 45,000, bado ufundi. Mama alikuwa amengojea zamu yake ya chama ili anunue cherehani; zamu ilipofika, pesa zote zikaenda kwa fundi. Mimi muhula wa tatu sikulipiwa chakula cha mchana cha shule, nikawa naja na githeri kwenye kibakuli. Wanaokaa karibu nami darasani sasa wamejua sababu. Siandiki haya mnihurumie, nataka tu mjue bei ya kijiti kimoja kilichosomwa vibaya.

Sasa tuingie ndani ya giaboksi wenyewe, kwa sababu usipojua oili inafanya nini humo, utashika hatua za kupima kwa kukariri, na za kukariri husahaulika.

Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi huunganishwa na sahani ya klachi ambayo dereva huiachanisha kwa mguu. Katika otomatiki hakuna mguu. Badala yake kuna chombo cha mviringo kama sufuria mbili zilizofunikana, na mafundi hukiita konvata. Ndani yake mna kitu kama feni mbili zinazotazamana, na katikati yake oili. Chukua feni mbili za mezani, uzielekezanishe, uwashe moja tu. Upepo wa ile iliyowashwa utaizungusha ya pili ingawa haijachomekwa kwenye stima. Konvata ni hivyo hivyo, isipokuwa kinachorushwa ni oili wala si upepo. Injini huizungusha feni ya kwanza, oili hurushwa, ya pili huzunguka na kuipeleka nguvu mbele. (Kuna kifaa cha tatu katikati yao kinachoielekeza oili inaporudi ili nguvu iongezeke, lakini nikikianza hicho Mhariri atanikata.)

Kisha kuna pampu, ambayo huzungushwa na injini. Pampu huisukuma oili katika vijia vyembamba, nayo oili huzibana sahani za klachi zilizo humo ndani. Zikibanwa hizi unapata gia ya kwanza, zikibanwa zile unapata ya pili. Kwa hivyo anayebadilisha gia ni oili yenyewe kwa presha yake. Tena oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha vyuma visisagane, na ndiyo inayobeba joto na kulipeleka kwenye rejeta, ambako hupita katika njia yake peke yake, ikapoa, ikarudi. Kazi nne, mtumishi mmoja. Ikipungua, pampu huvuta hewa pamoja na oili, presha hushuka, sahani hazibanwi sawasawa, na badala ya kushikana huteleza na kuungua. Ndiyo ile harufu ya pasi.

Haya, fikirini sasa. Injini ikizimwa, pampu husimama. Oili iliyokuwa ikizunguka juu, kwenye vijia, kwenye rejeta na katika konvata, sehemu yake hushuka na kukusanyika katika sampu. Kijiti nacho hupima sampu tu. Ukikichomoa wakati huo kitakuonyesha oili nyingi kuliko ile ambayo gari huwa nayo sampuni likifanya kazi. Ndivyo nilivyodanganyika: sampu ilikuwa ikionekana imejaa kila Jumamosi asubuhi, na kila Jumamosi mchana, teksi ikiwa barabarani, pampu ilikuwa ikihangaika. Oili ya injini ni kinyume chake, hiyo twataka ishuke yote ndipo tuipime. Vijiti hivi viwili vinafanana kama mapacha lakini masharti yao ni mbingu na ardhi.

Kuna na jambo la joto. Kioevu kikipata moto hutanuka, hilo Mwalimu wa Fizikia ametuimbia. Oili ya gia ikiwa baridi husimama chini, ikiwa moto hupanda. Ndiyo maana kijiti cha Toyota yetu kina sehemu mbili zilizotiwa alama, moja ya baridi na nyingine ya moto. Ile ya baridi ni ya kukisia tu wakati wa kujaza. Ya kutegemea ni ya moto.

Nilivyojifunza kupima ni hivi. Jumamosi ya kwanza baada ya mkasa nilirudi kwa fundi, nikamwambia ukweli kwamba ni mimi niliyekuwa nikipima. Nilidhani atanifukuza. Alisema tu, "Shika hii tochi." Tangu siku hiyo nikawa naenda kila Jumamosi. Yeye ananifunza, mimi namsomea vijitabu vya magari, maana vimeandikwa kwa Kiingereza cha herufi ndogo na miwani yake ilivunjika.

Kwanza gari liendeshwe kama dakika 15 au 20, tena barabarani, si kuachwa likinguruma uani. Oili ya gia huchelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta. Kijitabu cha Toyota kinataka oili iwe kati ya digrii 70 na 80 hivi za Selsiasi. Hatuna kipimajoto cha giaboksi nyumbani, kwa hiyo baba hunipimia akirudi kumpeleka mteja. Lakini kama gari limetoka kupanda kilima na mzigo, au limekwama kwenye msongamano jua likiwaka, ungoje kama nusu saa, kwa sababu oili iliyochemka kupita kiasi husoma juu.

Kisha liegeshwe mahali tambarare. Huku kwetu hilo si jambo dogo, ua wetu umeinama kama paa, basi sisi huenda hadi mbele ya kanisa palipotiwa lami. Hendibreki ivutwe, na injini ISIZIMWE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Aliyeketi ndani akanyage breki sawasawa, ahamishe gia polepole kutoka P kwenda R, N, D, mpaka ya chini kabisa, akingoja kidogo kila mahali, kisha arudi P. Maana yake ni kwamba oili ijaze vijia vyote kabla hujapima. Huyo wa ndani awe mtu mzima mwenye leseni. Mimi sina leseni na siwashi gari la mtu.

Ndipo uchomoe kijiti, ukipanguse kwa tambara safi lisilotoa nyuzi (nyuzi zikiingia humo ndani huziba vijia), ukirudishe mpaka kigote, ukichomoe tena na kukisoma pande zote mbili. Chukua ule upande unaosoma chini. Oili ikiwa kati ya alama mbili za moto, shukuru Mungu ufunge boneti.

Tahadhari moja hapa, na wavulana nisikilizeni kwa sababu ninyi ndio mnaopenda kuinamia injini na tai shingoni. Injini inawaka. Kuna mikanda inayozunguka, na feni ya rejeta ya magari haya huendeshwa na umeme, huweza kuwaka ghafla hata kama ilikuwa imetulia. Vueni tai, kunjeni mikono ya sweta, na wasichana tufunge nywele.

Lazima niseme kwamba si kila gari lapimwa hivi. Magari mengi ya Honda hutaka injini izimwe kwanza, halafu upime upesi, kabla dakika moja na nusu haijapita. Na magari mengi ya miaka hii hayana kijiti cha gia kabisa. Yana skrubu tu pembeni au chini ya giaboksi, na hupimwa gari likiwa juu, limelala sawa, huku joto la oili likisomwa kwa mashine. Hayo mwachie fundi mwenye vifaa. Ukilifungua boneti ukakikosa kijiti cha pili, usianze kuzibua zibua vitu.

Baada ya kusoma kiasi, itazame na uinuse. Nilipoambiwa ninuse oili nilidhani nachezewa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. ATF mpya mara nyingi ni nyekundu, yaonyesha ng'ambo kama juisi ya zambarau iliyotiwa maji. Ikigeuka hudhurungi kidogo bila harufu mbaya, imezeeka na yataka kubadilishwa, basi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeanza kuliwa. Ukisugua kati ya vidole ukahisi chengachenga, vyuma vinasagana. Na ikiwa ya waridi iliyokolea kama maziwa yaliyotiwa rangi, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote: maji ya rejeta yamepenya yakachanganyika na oili. Gari kama hilo usiliendeshe hata hadi dukani, lizime hapo hapo, kwani maji huzitenganisha sahani na gundi inayoshika ngozi zake.

Ikiwa imepungua, ongeza kidogo kidogo kwa mrija mrefu, kupitia tundu lile lile la kijiti, ukipima kila mara. Usiseme kheri izidi kuliko ipungue. La hasha! Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huichapa kama mtu anavyopiga mayai, nayo hufanya povu. Povu ni hewa, na hewa haibani klachi. Utakuwa umerudi pale pale kwa njia nyingine. Tena ujue kwamba giaboksi haiichomi oili kama injini inavyofanya. Ikiwa imepungua, imekwenda mahali. Yetu ilitokea kwenye sili, ile raba ya mviringo ambapo shafti ya gurudumu inaingilia giaboksini. Sili yenyewe haikuzidi shilingi mia chache. Tone lile nililolifukia mchanga ndilo lililokuwa likituambia hivyo.

Na uongeze ipi? Hapa ndipo wenye maduka ya spea wengine hutupoteza. Nilimsikia mmoja kwa masikio yangu akisema, "ATF ni ATF tu, chukua hii ya bei nafuu." Si kweli. Kila oili ya gia imetiwa dawa zake za kuamua sahani ziteleze kiasi gani kabla hazijashikana, na kila mtengenezaji alitengeneza sahani zake kwa kipimo fulani. Kijiti chetu kimechongwa maneno yanayotaka Type T-IV. Magari mengi ya Toyota yaliyofuata yanataka WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na kijitabu chao hakiruhusu kuchanganya. General Motors ya Marekani, ambayo mwaka 1939 ilitangaza otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, ina aina zake ziitwazo Dexron. Nilisoma jambo moja lililonishangaza: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, oili hizo zilitiwa mafuta ya nyangumi, kwa kuwa hakuna kilichofaa zaidi kuzilainisha klachi. Uwindaji wa nyangumi ulipopigwa marufuku Marekani ikabidi wanakemia watafute kitu kingine. Nyangumi ndani ya gari!

Kisha kuna yale magari yanayoandikwa CVT, na siku hizi ni mengi mjini, ya Nissan, Toyota, Honda na wengineo. Hayo hayana gia za kuhesabu. Yana mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze kwenye chuma. Nissan huziita NS-2 na NS-3. Ukitia oili nyekundu ya kawaida humo, mkanda utateleza na kukwaruza puli, na CVT iliyokwaruzwa ndani hairekebishwi kwa maneno. Jirani yetu alitaka nimsaidie kuongeza, nikamwomba kwanza kijitabu. Hakuwa nacho. Nikakataa, akasema nina kiburi. Afadhali kiburi.

Kuhusu kubadilisha, wauzaji wengine husema oili ya gari lao ni ya maisha. Fundi huuliza, maisha ya nani? Gari lililotumika Japani miaka minane, likaja kupanda vilima vya huku na mizigo, haliwezi kwenda na oili moja mpaka mwisho. Fuata kijitabu cha gari lako. Kwa teksi na magari ya mizigo, fundi wetu hubadilisha kila kilomita 40,000. Na ufahamu kwamba ukifungua nati ya sampu haimwagiki yote. Corolla yetu huchukua zaidi ya lita 6 kwa jumla, lakini zinazotoka chini ni kama lita 3 tu, nyingine hubaki katika konvata. Ndiyo maana wengine hubadilisha mara mbili au tatu, wakiliendesha gari katikati. Oili chafu tuliimimina kwenye mtungi. Si vyema kuimwaga mtaroni kama wafanyavyo wengi, mvua huipeleka hadi Ziwa Nakuru, nasi tunalipa nauli kwenda kuwatazama flamingo huko. Wenye mashamba huichukua wakaipake nguzo za ua dhidi ya mchwa, na waivae glavu wakiipaka.

Wale wenye magari ya gia za mkono wasidhani wameponea. Yao haina kijiti kwa kawaida. Kuna nati pembeni mwa giaboksi, hufunguliwa gari likiwa baridi na limelala sawa, unaingiza kidole, na oili inatakiwa ifike ukingoni mwa tundu. Fundi alinifunza jambo hapa ambalo nimelipenda kuliko mengine: fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Kuna kijana pale gereji aliyemwaga oili yote, kisha nati ya juu ikakataa kabisa kufunguka. Gari likabaki limekauka, mwenyewe amesimama hapo akitazama saa.

Sasa ile kamba. Mmekumbuka kwamba pampu ya oili huzungushwa na injini? Basi gari la otomatiki likivutwa injini ikiwa imezimwa na magurudumu yale yanayoliendesha yako chini, vyuma vya giaboksi vinazunguka lakini pampu imelala. Vinasagana vikavu. Corolla huendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ilifaa yainuliwe, au gari zima lipandishwe kwenye lori. Fundi alipoifungua giaboksi yetu kabisa alituonyesha vyuma vilivyogeuka rangi ya samawati kwa joto. Alisema klachi peke yake zingeweza kubadilishwa kwa pesa kidogo. Ile safari ya kamba ndiyo iliyomaliza vilivyobaki. Hilo halikuwa kosa langu, lakini nikiwaza kwamba baba asingevutwa kama oili ingekuwa imetosha, sioni tofauti kubwa.

Giaboksi nyingine iliingia mwezi wa Oktoba. Jumamosi ile ya kwanza baba alirudi saa saba kutoka kumwacha mteja, hakuzima injini, akapitiliza hadi mbele ya kanisa. Akavuta hendibreki. Nikafungua boneti. Sikumwambia afanye nini, aliikanyaga breki mwenyewe akaanza kupeleka gia, P, R, N, D, polepole, akiwa ametoa kichwa dirishani ananitazama. Nilichomoa kijiti, nikapangusa, nikarudisha, nikachomoa. Akaniuliza, "Inasemaje?" Nikamwambia iko katikati ya alama mbili za moto, nyekundu, haina harufu. Akasema, "Pima tena." Nikapima tena.

Tangu wakati huo sijaona tone uani kwetu. Ila nimeliona shuleni. Kuna mwalimu mmoja, sitamtaja jina, ambaye gari lake la otomatiki huegeshwa chini ya mjakaranda karibu na maktaba. Likiondoka jioni huacha alama nyekundu juu ya maua yaliyoanguka, na wiki iliyopita ilikuwa imeongezeka ukubwa. Mwalimu, ukisoma hapa utajijua. Mimi niko Kidato cha Tatu Magharibi, na siku ya Ijumaa baada ya michezo nina nafasi. Njoo na tambara safi na kijitabu cha gari, wala usiizime injini ukifika.